Joto la Kadi ya Pili

Desemba mjini Moshi haina usiku. Mabasi ya Dar es Salaam yanamwaga watu stendi, kila familia iliyoko mbali inarudi mlimani kuchinja, kubatiza na kuozesha, na mwenye steshenari hapati hata nafasi ya kula. Kadi za harusi, kadi za kipaimara, ratiba za mazishi: zote zinatakiwa kesho asubuhi. Desemba ya mwaka 2005 nilikuwa na miaka 24, nikijiita fundi kompyuta, na nilikuwa na mteja mmoja aliyenilipa bila kuzungushana. Alikuwa mama mwenye duka la kuchapa nyuma ya Soko la Mbuyuni. Wasaidizi wake walimwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo.

Mashine yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1999. Ilifika kwa kontena la mitumba kutoka Ulaya, nzito ajabu, na ndani yake mlikuwa na Pentium III mbili za megahezi 500. Kwa kijana wa leo lazima nieleze kidogo. Prosesa kama hizo hazikuwa kibati bapa cha kulaza kwenye soketi. Kuanzia Pentium II ya mwaka 1997, Intel waliziweka juu ya kadi. Kadi yenyewe ilichomekwa wima kwenye sloti, ikasimama kama kitabu rafuni, na meno yake 242, hitisinki ya alumini ubavuni, na feni ndogo juu ya hitisinki. Chipu za kashe zilikuwa bado hazijaingia tumboni mwa prosesa. Ilibidi zikae jirani yake, na kadi ndiyo ikawa sinia la kuzibeba pamoja.

Kuwa na mbili lilikuwa jambo la kutambia mtaani. Windows 98 ya majirani isingeona zaidi ya prosesa moja hata ungeweka kumi. Ya Mama ilikuwa na Windows 2000, ikazitumikisha zote mbili. Picha ya maharusi ambayo kwa jirani ilikupa muda wa kunywa chai, kwa Mama ilikupa muda wa kukoroga sukari.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule mashine ikaanza kuanguka. Msichana anayetengeneza kadi anafungua picha kubwa, anaikuza, anaanza kuisafisha, mara kioo kinakuwa cheusi. Sekunde chache baadaye mashine inaanza upya yenyewe, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Ukiandika barua haikusumbui kutwa nzima. Ukigusa picha kubwa, dakika ishirini haifiki.

Nilifika, nikasikiliza, na kabla sijafungua hata skurubu moja nilikuwa na jibu: umeme. Ushahidi ulikuwepo, au niliudhani upo. Printa ya leza ilipoanza kuchemka taa za dukani zilififia, na mashine ilipenda kuanguka saa hizo hizo. Mama akatoa fedha, tukanunua stabilaiza, tukaongeza na UPS. Jioni ile ile mashine ikaanguka ikiwa juu ya UPS, taa ya kijani ikiwaka kwa utulivu kabisa, haina habari na mtu. Nilichokuwa nimesahau ni jambo dogo. Anayechapa picha kubwa ndiye huyo huyo aliyetoka kuisafisha. Printa na anguko walikuwa wasafiri wa basi moja, hakuna aliyemleta mwenzake.

Basi nikafungua. Vumbi lilikuwa limeshikana kwenye hitisinki mpaka likawa kama blanketi. Vumbi la Moshi ni jekundu na laini, likichanganyika na unga wa karatasi za kuchapa linasokotana. Nikalipeleka sanduku gereji ya jirani, wakanipulizia kwa kompresa ya matairi. Jambo hilo sasa sitamshauri mtu, kwa sababu kompresa ile hutema na maji. Pia ukipuliza feni bila kuizuia kwa kidole inazunguka kwa kasi ambayo haikuumbiwa, na mota yake inaanza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi. Nilibahatika tu.

Feni ya kadi ya pili ilizunguka kizembe. Kwenye bayosi, kadi ya kwanza ilionyesha feni ya mizunguko 4,500 kwa dakika, ya pili 2,400. Nikabandua kibandiko chake, nikadondoshea tone la mafuta ya cherehani, ikapata uhai. Kisha nikafuta ile dawa nyeupe iliyokauka kati ya prosesa na hitisinki. Pesti yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa na dawa ya meno.

Wasomaji mafundi mnacheka, lakini wangapi kati yenu hamkufanya? Kazi ya pesti ni kujaza vijibonde visivyoonekana kwa macho, ili chuma kisishikane na hewa badala ya chuma mwenzake, maana hewa haipitishi joto vizuri. Dawa ya meno inajaza vijibonde kweli. Inafanya kazi nzuri siku ya kwanza, siku ya pili pia. Kisha maji yake yanakauka, inabaki chaki. Siku tatu mashine ilitulia, Mama akaniletea soda, nami nikaipokea kama mtu aliyeistahili. Siku ya nne ikaanguka mara tano kabla ya saa sita mchana.

Ugumu wa ugonjwa wa joto ni huu hasa: kila unachofanya kinasaidia kidogo. Ukipangusa, nafuu. Ukitia mafuta, nafuu. Ukiacha ubavu wa sanduku wazi na kuwasha feni ya mezani, kama zifanyavyo ofisi nusu ya mji wetu, nafuu kubwa. Nafuu zote hizo ni za kweli, na zote zinakudanganya, kwa sababu kila moja inakuambia umefika. Siku hizi nikifungua ubavu wa sanduku na joto likashuka nyuzi kumi ndani ya dakika chache, sijipongezi. Najiuliza kwa nini hewa ilikuwa haitoki. Nikifungua na joto likabaki pale pale, ndipo naigeukia pesti na mkao wa hitisinki. Kipimo hicho hakigharimu shilingi. Mwaka ule nilikiona kwa macho yangu mara tatu na hakikuniambia kitu, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kuponya na kuondoka.

Jumamosi nikamwomba Mama ruhusa ya kupanda na mashine nyumbani Marangu, niichunguze kwa utulivu. Nilikuwa na nadharia mpya, na niliipenda kwa kuwa ilinifanya nionekane msomi. Moshi mjini uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Hilo ni kweli, tofauti inakaribia sehemu moja ya kumi. Basi nikajiambia kwamba kwetu Marangu, mita mia kadhaa juu zaidi, mashine ingeanguka upesi na kunipa ushahidi.

Niliiweka mezani katikati ya sebule ya babu. Ikafanya kazi siku mbili bila kukohoa. Niliipa picha kubwa kuliko zote za Mama, nikairudia kazi ile ile usiku kucha, ikaendelea. Nadharia ikafa pale pale. Hewa ilikuwa nyepesi zaidi, naam, lakini pia ilikuwa ya baridi zaidi, na ubaridi ulishinda. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi kama sita, ukiongeza kivuli cha migomba na usiku wa mlimani unapata nyumba ambayo hata mbu anaikwepa. Sasa badala ya kuuliza mahali pale pana tofauti gani nyingine na duka la Mama, nilirudi kwenye upendo wangu wa kwanza. Mashine ni nzima, nikasema, umeme wa mjini ndio mbovu.

Babu alikuwa amewahi kuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, enzi za madaftari makubwa. Aliitazama mashine kwa muda, mikono nyuma.

“Hizi si ndizo Serikali iliwahi kuzikataza?”

Alikuwa na kumbukumbu sahihi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, miaka tisa tu baada ya ile ya kwanza kufungwa Wizara ya Fedha. Nikamwambia, ndiyo Babu, lakini walishafungua.

“Walifungua. Na mafundi je, walikuja nazo?”

Nikacheka, maana nilidhani anatania.

Jumapili ile baada ya ibada maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hayakufika kwetu. Zamu ilikuwa yetu na mfereji ukawa na tope tu. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba kwenye mdomo wa kihamba chetu, shamba la nyumbani, nikaupanua, nikazibua, nikatokwa jasho. Babu alinipita na fimbo yake bila kusema neno akapanda juu. Nilimfuata kwa kuona haya. Tukavuka kihamba cha jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakubwa tuliokutana nao njiani walimsalimia “Shimboni, Meku,” naye akajibu huku macho yake hayatoki kwenye maji. Juu ya kihamba cha nne gogo la mgomba lilikuwa limeangukia mfongo, majani yamejikusanya nyuma yake, na maji yote yalikuwa yakimwagikia njiani. Tulilivuta pamoja. Tulipofika nyumbani maji yalikuwa yametutangulia.

Watu wa mlimani wamechimba mifongo hii kwa vizazi vingi, wakaipitisha makorongoni na kwenye miteremko bila kipimo kingine zaidi ya jicho na maji yenyewe. Kila mfongo ulikuwa na mkuu wake, meni mfongo, na kazi yake kubwa, kama nilivyomwona Babu akiifanya bila cheo hicho, ilikuwa kutembea. Lakini nisijitie hekima. Siku ile sikuunganisha mfongo na kompyuta hata kidogo. Nilinawa miguu nikala ndizi.

Jumatatu mashine ilirudi mjini, ikaanguka saa nne asubuhi.

Mama hakugomba. Alisema tu, “Mwanangu, harusi ya Jumamosi ina kadi mia tatu.” Maneno yale yalinichoma kuliko tusi. Niliingia kwenye bayosi mara tu ilipojiwasha upya, kabla haijapoa sana. Kadi ya kwanza nyuzi 57, kadi ya pili nyuzi 78. Nikashika kichwa kwa furaha. Mwizi amepatikana! Kadi ya pili ni mbovu, nikatangaza, inunuliwe nyingine. Lakini kadi yenyewe ilikuwa ya kizamani hata kwa mwaka 2005, Moshi haikupatikana, Arusha fundi mmoja alitaka bei ambayo kwayo ungenunua kompyuta nzima. Ndipo umaskini ukanifundisha nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza: kama huna kadi nyingine, zibadilishe nafasi hizo ulizo nazo. Nikaitoa ya kwanza nikaiweka pa ya pili, ya pili nikaiweka pa ya kwanza, kila moja na hitisinki yake na feni yake kama zilivyo. Kitu kingine sikukigusa.

Nikawasha, nikaipa picha, ikaanguka, nikaingia bayosi. Sloti ya kwanza nyuzi 56. Sloti ya pili nyuzi 77.

Nilikaa chini sakafuni. Kadi niliyoiita mwizi ilikuwa imekaa mahali pengine, imepoa, haina kosa. Mwenzake aliyekuwa mwema jana leo ndiye anaungua. Ugonjwa haukuifuata kadi, ulibaki mahali. Hapo ndipo nilimwona Babu na fimbo yake akipita vihamba vya watu.

Nikaacha kutazama kadi, nikatazama njia. Kadi zote mbili zilielekea upande mmoja. Feni ya ile ya kwanza ilikuwa na uwazi mbele yake. Feni ya pili ilivuta pumzi kwenye ufa mwembamba kati yake na mgongo wa mwenzake, kwa hiyo hewa iliyoipata ilikuwa tayari ina joto la jirani. Hiyo ni hali ya kuzaliwa, watengenezaji waliijua, na ndiyo maana nyuma ya sanduku waliacha nafasi ya feni kubwa ya kuvuta hewa ya moto na kuitoa nje. Feni hiyo ilikuwepo, mpya, inazunguka vizuri tu.

Mama alikuwa na dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kaunta. Niliiwasha nikaisogeza nyuma ya sanduku. Nilitarajia moshi usukumwe mbali. Ukavutwa ndani.

Niliizima mashine, nikaiwasha tena, nikasogeza moshi tena. Ukaingia ndani kwa utii ule ule. Juu kidogo, feni ya pawa saplai ilikuwa ikitoa hewa ya moto nje. Nayo hewa hiyo, badala ya kwenda zake, iligonga ukuta ulio shubiri moja kutoka kwenye sanduku, ikashuka, na feni ya chini ikaipokea na kuirudisha ndani, moja kwa moja juu ya kadi ya pili. Kando yake kulikuwa na mashine ya lamineshi inayochemka kutwa. Sanduku lile lilikuwa likijipikia uji wake lenyewe.

Feni nyingi hupuliza kuelekea upande wenye kibandiko na mikono inayoshikilia mota. Baadhi huwa na mishale miwili ubavuni, mmoja wa mzunguko, mmoja wa upepo. Hii ilikuwa na mishale, na wa upepo ulielekea ndani. Mtu aliyeifunga alitaka upande unaopendeza, ule wa mapanga, utazame nje kama feni ya ukutani. Alikuwa hajui kusoma mshale, au hakutazama. Nilimfahamu mtu huyo. Januari ya mwaka ule feni ya zamani ilipokufa, nilikuja na hii nikaifunga kwa dakika tano, nikadai fedha zangu nikaondoka nikipiga mluzi.

Miezi kumi ilivumilia kwa sababu meza ilikuwa katikati ya duka, mbali na ukuta. Novemba Mama alipoongeza mashine ya lamineshi, akaisogeza kompyuta pembeni kupata nafasi, na Desemba ikaleta nyuzi 33 za nje pamoja na picha za maharusi. Windows 2000 huilaza prosesa isiyo na kazi, ndiyo maana barua hazikuiangusha kamwe. Sebuleni kwa Babu hakukuwa na ukuta wala lamineshi. Kila jambo lililonitatiza lilikuwa na jibu, na majibu yote yalipitia kwenye skurubu nne nilizozikaza mimi.

Niliigeuza. Nikavuta meza hatua moja kutoka ukutani, nikatafuta pesti halisi kwa fundi mwenzangu, kiasi cha punje ya mchele kwa kila prosesa. Sloti ya pili ikashuka hadi nyuzi 60.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, lakini kesho yake ilianguka tena, mara moja tu, ikiwa baridi. Pembeni ya sloti ya pili kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa. Mafundi wa elektroniki wana hesabu yao ya mkono: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hukatika nusu. Nilikuwa nimezichemsha hizi tangu Januari. Fundi redio wa Majengo alizitoa, akaweka nyingine kutoka kwenye mazabodi iliyokufa, akinihimiza nitazame: ujazo ule ule, volti sawa au zaidi, pungufu kamwe, na hasi iingie kwenye hasi. Alilehemu kwa mkono usiotetemeka, akakataa kuharakishwa. Nilitamani ningekuwa nimemwona akifanya kazi mwaka mmoja kabla.

Tarehe 22 niliirudisha. Msichana akafungua picha, akaikuza, akaisafisha. Nusu saa. Saa nzima. Mama alisimama nyuma yangu, kanga begani, akatazama dawa ya mbu niliyoiwasha tena nyuma ya sanduku, na moshi unaokimbia kuelekea mlangoni.

“Kwa hiyo ilikuwa nini?”

“Feni ya nyuma, Mama. Ilifungwa kinyume. Ikawa inarudisha moto ndani.”

“Aliifunga nani?”

Ningeweza kusema ilikuja hivyo kutoka Ulaya. Asingejua, na wasichana wasingejua.

“Mimi, Mama. Januari.”

Alinyamaza. Akaitazama stabilaiza, akaitazama UPS, midomo ikicheza kama anayepiga hesabu ambayo nilikuwa nimeshaipiga usiku kucha. Kisha akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kanga, akakiweka mbele ya mashine ya lamineshi.

“Kadi mia tatu,” alisema. “Kaa hapo, ukate kona zote. Mpaka ziishe.”